Povu la Jiwe

Mtu mmoja alikuwa na jiwe la chokaa ukutani, kando ya mlango wa nyumba aliyorithi. Marehemu baba yake, mwashi, ndiye aliyelichonga. Aliandika jina lake na la mkewe, Kombo na Time, kwa herufi zisizo na kina. Bi Time alikuwa bado hai, ila macho yalishamtupa mkono. Kila asubuhi akitoka kukaa barazani hupitisha vidole juu ya jiwe lile, herufi kwa herufi, akamsalimu mumewe, ndipo akaketi.

Mtu huyo, Shaame, alikuwa anaozesha binti. Jiwe lilikuwa jeusi kwa ukungu, naye aliona haya wageni walione. Mkewe alikuwa ametoka kusugua sinia za shaba kwa ndimu, zikang'aa. Shaame akachukua ndimu zilizobaki, akazikamulia jiweni. Jiwe likachemka, likatoa povu jeupe. Akafurahi kwelikweli, akasema uchafu ndio huo unakimbia. Mkewe akamkumbusha kwamba sinia hazikutoa povu. Lakini mtu aliyenogewa haambiliki.

Ndimu akaiona inachelewa, akaleta siki. Siki nayo akaiona baridi, akanunua asidi ya kuoshea vigae. Kila alipomimina, povu lilizidi, naye akazidi kusugua, maana aliamini panapochemka ndipo penye uchafu. Hakujua kwamba shaba huachia doa ikabaki shaba, bali jiwe la chokaa likikutana na kitu kikali hujitoa lenyewe. Povu lile lilikuwa jiwe.

Kufika jioni lilikuwa jeupe pe. Asubuhi ya harusi akamshika mama yake mkono, akampeleka mwenyewe, apate sifa. Bi Time akapitisha vidole. Akarudia. Akapapasa ukuta juu na chini, akidhani amekosea mahali.

"Shaame mwanangu," akauliza, "baba yako umempeleka wapi?"

Siku ile wageni waliusifu sana weupe wa jiwe, na kila sifa ilimchoma Shaame moyo.

Nawe unayemkaripia mwanao kila siku, ukamwona analia ukadhani ubaya unamtoka, umewahi kutazama ni nini hasa kinachotoka?