Mguu wa Munyithya

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wengi huikariri methali hii wakidhani inasifu bidii ya shambani tu. Kumbe inatuonya pia tusipeleke mdomo wala miguu katika ugomvi wa watu wa tumbo moja. Mzee Ndululu wa Kithangathini aliijua tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuwasomea wenzake. Yeye mwenyewe hakuona kama inamhusu.

Kithangathini lilikuwa soko dogo mashariki mwa Kitui, kando ya mto wa mchanga unaopitisha maji majuma machache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote watu walichimba visima humo mchangani na kuvizungushia matawi ya miiba. Kila ukoo ulikuwa na kisima chake, lakini kulikuwa na kanuni ya zamani kuliko soko lenyewe: mfugaji mgeni akija siku ya soko, huruhusiwa kunywesha mifugo yake, mradi ateke maji mwenyewe na kuirudisha miiba kama alivyoikuta. Hakuna aliyemuuliza mgeni amekosana na nani huko kwao. Ndiyo maana wafugaji Wasomali kutoka kaskazini mashariki walifika kila Alhamisi na mbuzi, ng'ombe na maziwa, wakaondoka na mtama, mahindi na tumbaku. Soko likanona.

Miongoni mwa wafugaji hao walikuwa Dirie na Mursal, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba yao alifariki, nao wakakosana juu ya fahali ambao Mursal alikuwa amewauza Makindu. Dirie alidai fahali hao ni wa urithi. Mursal alidai baba yao alimpa angali hai. Tangu hapo walikuja sokoni kila mmoja kwa njia yake, na hawakusalimiana.

Ndululu alikuwa mwenyekiti wa soko. Ujanani alipigana vita vya Burma, akarudi na koti la kijeshi, kikohozi, na imani kwamba hakuna ugomvi duniani usiomhusu. Jioni aliweka redio mapajani na kusikiliza jinsi mataifa makubwa yanavyowekeana vikwazo na kupelekeana majeshi, akitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayepata habari za jamaa zake. Aliposikia kisa cha Dirie na Mursal, macho yalimng'aa. Akaitisha baraza.

"Hatuwezi kukaa kimya," alisema. "Mursal ni mwizi. Mwizi akinywa maji yetu, na sisi ni wezi. Kuanzia Alhamisi asiuze hapa, asinunue, asinyweshe. Na vijana wetu watachukua pinde wasindikize mifugo ya Dirie, ili haki ilindwe."

Watu walipiga makofi. Kwanza ni mwenyekiti, na pili, haki ya mtu mwingine ni tamu kuitetea ukiwa umekaa.

Aliyesimama kupinga ni Mbula, mjane aliyekuwa na duka la nafaka. Hakuwa msemaji wa barazani, lakini siku hiyo ulimi ulimuwasha.

"Mzee, hao fahali uliwaona?"

"Sikuwaona."

"Ulikuwepo baba yao akigawa mali?"

"Sikuwepo, lakini ukweli unajulikana."

"Unajulikana na wao wenyewe. Mimi namuuzia mtu mtama. Kesi yake aende nayo kwao." Watu walicheka. Mbula akaendelea, "Hii kanuni ya kisima ilikuwa ya kila mtu. Tukianza kuchagua nani anywe na nani asinywe, hiyo si kanuni tena, ni hasira zetu tu. Leo tumemfungia Mursal. Kesho nani atatuamini?"

"Wewe ni mama wa duka," Ndululu alimkata. "Mambo ya usalama tuachie sisi tulioyaona. Na yeyote atakayemuuzia Mursal, duka lake litafungwa."

Alhamisi ilipofika, Mursal alikuta vijana wenye pinde wamesimama mbele ya visima. Aliwageuza ng'ombe wake. Kisha akaenda dukani kwa Mbula, akasimama mlangoni kwa aibu ya mtu mzima aliyefukuzwa.

"Mama, watoto hawana chakula. Utaniuzia ama na wewe umekataa?"

"Leta debe," alisema Mbula.

Kabla ya jua kutua, Ndululu alikuwa ameweka kufuli yake kwenye mlango wa duka. Mbula alilia mchana kweupe, mbele ya watu, kwa uchungu na kwa hasira pia, maana duka lile ndilo urithi wa pekee alioachiwa na mumewe. Asubuhi yake alipangusa uso, akachukua jembe, akaenda kwenye konde lake la kando ya mto lililokuwa limegeuka kichaka. Waliopita walimwona akifyeka na kung'oa visiki, wakasema mjane amerukwa na akili kwa sababu ya duka. Mvua ya Novemba ilikuwa karibu, na hiyo ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani. Atakayeikosa hula kwa macho mwaka mzima.

Nyumbani kwa Ndululu aliyeongoza maksai wa plau alikuwa mwanawe wa pekee, Munyithya, kijana mwenye nguvu aliyeoa karibuni. Shamba lote lilitegemea miguu yake. Lakini Munyithya alikuwa wa kwanza katika orodha ya wasindikizaji.

"Nau," alimwambia baba yake, "mawingu yameanza. Niruhusu nilime kwanza, halafu nitarudi kwa Dirie."

"Usalama kwanza, shamba baadaye," alijibu Ndululu.

Nthenya, mkewe Munyithya, aliyekuwa akipepeta mbaazi, alisema bila kuinua kichwa, "Na tukikosa chakula, Dirie ndiye atatupikia?" Ndululu alijifanya hakusikia. Munyithya hakuwa mtu wa kumwaibisha baba yake, akachukua upinde akaenda.

Siku chache baadaye ng'ombe wa Mursal, waliokuwa hawajanywa, walinusa maji wakakimbilia visimani. Wachungaji wake wakawafuata na kuanza kuvuta miiba. Munyithya alisonga mbele kuwazuia. Hakuna aliyejua vizuri nani alianza kumsukuma mwenzake. Vumbi lilipotulia, Munyithya alikuwa amelala mchangani, mkuki umepenya paja lake. Dirie, aliyekuwa ng'ambo ya mto na mifugo yake, aliona damu akarudi nyuma. Hakuvuka.

Munyithya alilazwa hospitalini Kitui, Nthenya kando yake. Mvua ilinyesha wakiwa bado huko mbali. Maksai walisimama zizini wakitafuna, na shamba la Ndululu likaota magugu hadi kiunoni. Majirani walikuwa na mashamba yao ya kuwahi, na Ndululu kikohozi hakikumruhusu kusukuma plau. Munyithya aliporudi, mguu ulikuwa umekauka kama gongo. Ndululu alipomwona akishuka kwenye gari kwa kushikiliwa, aliingia nyumbani, akazima redio, akakaa gizani.

Dirie na Mursal nao waliogopa ile damu. Walijua ingekuwa yao kama si ya mtu mwingine. Dada yao Abdiya aliwaita katika harusi ya binti yake, akakaa kati yao, akakataa kula mpaka wasalimiane. Wakasalimiana. Wazee wao wakakaa, wakagawa urithi, wakalipana kila kilichopotea, hata mbuzi aliyevunjika pembe katika fujo.

Ndululu alipopata habari hiyo, alivaa koti lake la kijeshi akaenda kwenye kambi yao. Alipokewa vizuri na kupewa chai ya maziwa. Alipomaliza kunywa, akasema, "Nimekuja kwa ajili ya mguu wa mwanangu. Mmelipana yote. Huo mnaulipa lini?"

"Pole sana kwa kijana," alisema Dirie. "Lakini maneno yetu imeisha, mzee."

"Mimi nilikuwa upande wako!"

"Nani alikuita? Mimi nilikuwa na hasira na ndugu yangu. Msaada yako niliichukua kama mtu wa kiu anakunywa maji chafu. Lakini ulimwita mtoto wa mama yangu mwizi mbele ya soko. Hiyo sijasahau."

"Na mtu wangu alikuwa anafuata ng'ombe ya kiu," alisema Mursal. "Nani alifunga maji?"

Ndululu alimtazama huyu, akamtazama yule. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi nyuso zao zinavyofanana. Alirudi kwao mikono mitupu. Baadaye Abdiya alimpelekea Nthenya mbuzi wa maziwa, na akasema wazi kwamba ni zawadi, si fidia.

Wafugaji hawakurudi tena kwenye soko la zamani. Walipeleka mifugo kando ya konde la Mbula, ambapo alikuwa amechimba kisima kipya kisichofungiwa mtu, na wanunuzi wakawafuata huko. Mtama wake ulikuwa umebeba masuke mazito. Kufuli ya Ndululu ikabaki ikilinda duka tupu katika soko tupu.

Siku ya mavuno Munyithya alikuja kondeni akiburuta mguu. Nyuma yake alikuwa Ndululu, kapu begani, bila koti.

"Mbula," alisema, "nilikufungia duka."

"Ulifunga."

"Nyumbani hatuna kitu. Tumekuja kuvuna kwa kibarua, utupe unachoona kinatosha."

Mbula alikuwa na maneno makali, tena aliyatunza tangu Oktoba. Lakini macho yake yaliangukia mguu wa Munyithya, akayameza maneno yale.

"Alhamisi Mursal anakuja kunywesha hapa," alisema. "Utafanya nini?"

"Nitamsalimu," alijibu Ndululu. "Na akimaliza nitamsaidia kurudisha miiba."

"Basi anzia upande ule."

Munyithya hakuweza kusimama muda mrefu. Aliketi chini, mguu ameunyosha mbele, akawa anapokea masuke aliyokatiwa na baba yake na kuyapanga. Ndululu alikata, na kila alipogeuka kumpa mwanawe fungu jingine alikutana na ule mguu. Alivuna konde ambalo hakulilima, kwa ugomvi ambao haukuwa wake, huku wenye ugomvi wakinywa chai pamoja. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.