Mkanda Mweusi wa Nusu Saa

Hii isome polepole hadi mwisho, kisha mtumie yule ndugu yako ambaye huuliza "bado tu?" kabla sufuria haijapata moto.

Huko Njombe kwenye baridi alikuwepo fundi cherehani mmoja, jina lake Zakayo Mgaya. Kibao cha duka lake kilisema: LETE ASUBUHI, CHUKUA JIONI. Na hakikusema uongo. Suti ya vipande vitatu aliikata baada ya chai, na jua halijazama mwenye suti ameshaivaa.

Tatizo lake lilikuwa kimo. Zakayo alikuwa mfupi, tena mfupi wa kweli, na watu walimhesabia heshima kwa urefu. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga walimruka. Kwenye mikutano walizungumza juu ya kichwa chake. Siku moja, harusini, mhudumu alimwona kwa nyuma, akamshika bega kwa upole, akamwongoza hadi kwenye mkeka wa watoto na kumpa juisi yenye mrija.

Zakayo alikuwa na miaka arobaini na minne. Binti yake mkubwa alikuwa kidato cha nne.

Wiki hiyohiyo akaenda kujiandikisha karate.

Mazoezi yalifanyika Jumamosi asubuhi katika ghala la zamani la pareto. Mwalimu alikuwa Sensei Nyagawa, mkunga wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ya chini na mkanda mweusi uliopauka kwa kufuliwa.

"Shikamoo, Sensei."

"Marahaba, fundi. Karibu."

"Nina swali moja tu. Mkanda mweusi unachukua muda gani?"

"Miaka sita. Saba. Inategemea mtu."

Zakayo akacheka kwa adabu. "Labda hunifahamu, Sensei. Mimi suti naimaliza kwa siku moja."

"Na mimi nimewahi kumzalisha mama kwa dakika kumi," Sensei akajibu. "Lakini mimba ilikuwa na miezi tisa."

Basi akaanza. Miezi mitatu mizima alifundishwa kusimama. Kusimama tu! Miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa, sakafu ya saruji inauma kwa baridi, na Sensei anapita akimsukuma begani. Akianguka anaambiwa, "Inuka." Akiinuka anaambiwa, "Usihame."

"Kusimama najua tangu nina mwaka mmoja," alimlalamikia mkewe. "Hii karate au foleni?"

Mwezi wa nne Sensei akamletea kitambaa cheusi. Binti mmoja pale ghalani alikuwa amefaulu mtihani wake baada ya miaka saba, na fundi aliombwa amshonee mkanda. Zakayo akaushona. Kitambaa kikabaki.

Shetani wa mafundi hukaa kwenye mabaki ya vitambaa. Zakayo akatazama kushoto, akatazama kulia, akashona mkanda wa pili. Nusu saa, pamoja na kupiga pasi.

Hakuwa mjinga wa kuuvaa Njombe. Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kumsalimia shemeji yake, Lutengano, kaka wa huyo mke, aliyeishi kijiji cha mbali kando ya msitu wa mipaini. Asubuhi ya kwanza alifua nguo zake nyeupe za karate, akazianika kwenye kamba inayotazama barabara, mkanda mweusi ukiwa katikati. Nguo hazikuwa na uchafu wowote. Siku ya pili akazifua tena. Siku ya tatu pia.

Mchana kijiji kikasema shemeji wa Lutengano ana mkanda mweusi. Jioni kikasema anavunja matofali kwa kichwa. Kesho yake ikathibitishwa kwamba alimuua chui kwa teke moja.

Zakayo hakukanusha. Alitabasamu tu. Na tabasamu la mtu mfupi mwenye mkanda mweusi linatisha kuliko matusi ya jitu.

Akapewa kiti chenye mgongo. Wazee wakamwachia njia. Kuku alipochinjwa, Lutengano mwenyewe, mwenye nyumba, alimsogezea firigisi kwa mikono miwili. Zakayo akaongeza wiki mbili za kukaa.

Ndipo akaja Rahabu, muuza maziwa. Alikuwa mama wa watoto wanne, na kila asubuhi alifunga dumu la maziwa kwenye keria ya baiskeli akapita msituni kwenda senta. Humo msituni alikuwamo mpasua mbao mmoja aitwaye Bosko. Bosko alimsimamisha kila siku, akafungua dumu, akanywa vikombe viwili, akajifuta mdomo na kusema, "Mungu akubariki, mama."

"Mwalimu, nifundishe," Rahabu alisema. "Sitaki kumuua. Nataka tu kiu yake iishe."

Hapo Zakayo alitakiwa kukataa. Lakini watu kumi na watano walikuwa wanasikiliza, na wote walikuwa wamemtazama kwa kumwinulia macho, ingawa aliwafika mabegani.

"Njoo kesho," akasema.

Angefundisha nini, naye anajua kusimama tu? Akafundisha alichokijua mkono wake. Kulikuwa na Ngumi ya Sindano. Kulikuwa na Pigo la Mkasi. Na kulikuwa na pigo la siri, Teke la Cherehani, ambalo mguu hukanyaga hewa haraka haraka kama unavyokanyaga pedali. Uani kwa Lutengano kukajaa wanafunzi. Rahabu aliwapita wote kwa bidii. Alikanyaga hewa akienda kisimani. Alikanyaga hewa akikamua, mpaka ng'ombe akaomba kuhama kwa macho.

Asubuhi ya siku ya kumi Zakayo alikuwa anakunywa supu, firigisi iko mdomoni, mke wa Lutengano akasema, "Rahabu leo kapita hapa anaimba. Anasema leo ndiyo leo, Bosko atakula Teke la Cherehani."

Firigisi ikakwama.

Zakayo alikuwa amemwona Bosko mara moja, kwa mbali, na hata kwa mbali alikuwa mkubwa. Mikono yake ilifanana na magogo aliyoyapasua. Sasa akamwona Rahabu mbele ya mikono hiyo, mguu mmoja juu, akishona hewa.

Wazo likamjia: kaa kimya. Akipigwa, utasema mwanafunzi alikuwa hajaiva. Nani atajua? Wazo hilo lilikaa kitako kabisa kama mgeni aliyealikwa, na Zakayo akaona aibu kwamba limetoka kichwani mwake mwenyewe. Akatema firigisi. Akatoka mbio, na nguo zake nyeupe, na mkanda wake mweusi, viatu kaviacha mlangoni.

Alikimbia hadi mbavu zikauma. Kwenye kona ya msitu akawaona. Bosko ameshika usukani wa baiskeli. Rahabu amesimama mbele yake, mguu juu.

"Rahabu!" Zakayo akapiga ukelele. "Usimpige! Mimi sijui karate! Mimi ni fundi cherehani! Mkanda nimejishonea!"



Rahabu akashusha mguu taratibu. "Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye ugali wake umeanguka mchangani, "alikuwa anaomba msamaha."

Na ilikuwa kweli. Habari za chui zilikuwa zimemfikia Bosko, na siku tatu chakula hakikumpita kooni. Asubuhi hiyo alikuja na tetea mzima kwapani kama fidia, akajitolea kumsukumia Rahabu baiskeli mlimani. Mguu ulikuwa juu kwa sababu yeye mwenyewe aliuliza, kwa heshima, lile teke ambalo angepigwa linafananaje.

Bosko akamtazama Zakayo kuanzia utosini. Hakuchukua muda kufika miguuni.

"Fundi cherehani?"

"Ndiyo."

"Na chui?"

"Sijawahi kumwona hata mmoja."

Bosko akamweka tetea chini kwa uangalifu. Kisha akamzaba Zakayo kofi, na Zakayo akaenda chini.

Angeweza kubaki huko. Nyasi zilikuwa laini, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Bosko alikuwa amegeukia dumu, mkono uko kwenye mfuniko. Zakayo akainuka, akajiweka mbele ya dumu, akatanua miguu, akakunja magoti.

"Toka hapo."

"Sitoki."

Akala la pili. Akainuka, akasimama palepale. La tatu lilikwenda na jino. Hakuwa na ngumi ya kurudisha. Alijua vizuri kwamba hana. Lakini kila Bosko aliponyoosha mkono kwenye dumu, alimkuta mtu mdogo mwenye damu kidevuni amesimama mbele yake kama kigingi.

Rahabu hakupoteza muda na mateke. Alijaza mapafu, akaita: "Jamani! Mwizi wa maziwa anaua mtu!"

Wanawake waliokuwa wanakwenda kwenye kitalu cha miche wakaja na majembe yao. Walikuwa kumi na mmoja. Bosko aliwahesabu, akafika sita, akaona inatosha. Wakampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye mbele, majembe nyuma. Tangu siku hiyo maziwa yalifika senta yakiwa yamejaa, na tetea akabaki kwa Rahabu.

Rahabu alimkalisha Zakayo kwenye gogo, akamnawisha uso.

"Ningempiga lile teke, ingekuwaje?"

"Ungeumia."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Rahabu akafungua dumu. Kisha akammiminia kikombe cha maziwa. "Kunywa. Lakini leo sijakusamehe. Nitakusamehe Alhamisi."

Mchana ule firigisi aliila Lutengano. Aliila polepole, akimtazama shemeji yake kila anapotafuna.

Zakayo alirudi Njombe na basi la kwanza, akaenda moja kwa moja zahanati. Sensei Nyagawa alimshona mdomo uliopasuka, na Zakayo, kila sindano ilipotulia, akasimulia. Hakuficha kitu, hata chui. Mwisho akatoa mkanda mfukoni, akauweka mezani.

"Nifukuze tu, Sensei."

Sensei akakata uzi. "Ulipoanguka mara ya kwanza, kwa nini hukubaki chini?"

Zakayo akafikiri. "Lile dumu lilikuwa la mtu," akasema.

Sensei akauchukua mkanda, akaupapasa kingo zake. "Umeshona vizuri," akasema. Kisha akaenda nao chumba cha kujifungulia akafungia pazia ambalo miaka mingi lilikuwa halikai mahali pake.

"Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi," alisema aliporudi. "Uje na mkanda mweupe, wa anayeanza."

Ilimchukua miaka minane. Mtihani wa mkanda wa kijani aliushindwa mara mbili. Mwaka wa tatu alivunjika kidole cha mguu, si kwa karate, kwa kizingiti cha nyumba yake. Mwaka wa tano aliacha kuuliza bado muda gani, na sio kwa sababu alikuwa mvumilivu. Alisahau tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, ghala limejaa watu. Sensei Nyagawa, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kutembea kwa mkongojo, alisimama na mkanda mweusi mkononi akasema, "Zakayo Mgaya."

Zakayo akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

"Ni wewe, fundi," Sensei akasema.

Na mkewe, peke yake katika ghala zima, akapiga kigelegele kilichowashtua hata popo wa darini.

Funzo: Mkanda unaweza kushonwa kwa nusu saa, mtu wa kuuvaa hushonwa kwa miaka.