Donda la Paja, Kaulize Figo

"Donda la paja, kaulize figo." Mmenisikia nikimwambia hivyo kaka yenu alipomgombeza mkewe, na mnauliza neno hili limetoka wapi. Kwa majirani hamtalisikia. Ni la nyumba hii, na methali hii ilianza hivi.

Dada yangu Nakiete, bibi yenu, aliugua figo. Tulikuwa tukimpeleka mjini kusafishwa damu kwa mashine. Nyumbani aliuguzwa na Nietiwe, mke wa mwanawe. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamkanda mapaja kwa kitambaa cha maji moto.

Mapajani ikatokea michirizi ya zambarau, kisha madonda yenye magamba meusi. Shuka likimgusa tu, analia.

Binti yake, Eliwaza, alikuja kumtazama. Akafunua shuka.

"Umemchoma mama yangu!"

"Wifi, maji nayajaribu kwanza mkononi mwangu."

"Mkono wenyewe mgumu kama kwato! Funga nguo zako. Kwenu kunajulikana."

Nani angembishia? Maji moto huunguza, kila mtu anajua. Nietiwe akafunga nguo zake kwenye kanga. Aliomba jambo moja tu, amfikishe mama hospitali kwanza.

Daktari aliyatazama madonda bila kuyagusa. Kisha akamuuliza mgonjwa mwenyewe, ambaye sisi hatukuwa tumemuuliza.

"Mama, kilitangulia nini, maumivu au kukandwa?"

"Maumivu, mwanangu. Pasingeuma, ningeomba kukandwa kwa nini?"

Daktari akatugeukia. "Moto huunguza ngozi, ndipo paume. Hapa maumivu yametangulia, tena mapaja yote mawili. Figo zikichoka hivi, chokaa iliyo katika damu huweza kuganda ndani ya vijishipa vya damu. Ngozi hukosa damu, ikafa. Hakuna aliyemchoma."

Eliwaza alikichukua kifurushi cha Nietiwe, akakifungua palepale kwenye benchi, akaikunja ile kanga na kuiweka chini ya visigino vya mama yake.

"Wifi," akasema, "leo unifundishe kumgeuza."

"Uanze na kukata hizo kucha," Nietiwe akajibu, huku machozi yakimtoka.

Bibi yenu hakupona. Madonda yale ni mazito. Ila aliuguzwa na wote wawili hadi mwisho. Siku ile, tukirudi kutoka hospitali, aliwatazama akasema taratibu, "Msimkamate aliye karibu na kitanda, wanangu. Donda la paja, kaulize figo."