Jiwe la Kusugulia Magaga

Vuteni miguu mkekani nyote, maana hadithi hii hula nyayo.

Mwanakheri alikuwa aolewe kesho, na visigino vyake vilikuwa na magaga ya kunasa shuka. Alipokuwa akiiosha miguu kisimani, zimwi likatoka majini likampa jiwe.

“Litakuuliza mara tatu. Jibu ndiyo au hapana, neno jingine usiseme.”

Nyumbani akailoweka miguu kwenye beseni, jiwe likasugua lenyewe.

“Magaga yameisha?”

“Hapana.” Likasugua.

“Yameisha?”

“Ndiyo!” Visigino vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

Jiwe likauliza la tatu, kwa upole: “Umechoka?”

Mwanakheri, akivitazama visigino vyake kwa furaha, akajibu kama tujibuvyo sote: “Bado.”

“Bado?” likasema jiwe. “Basi utachoka.”

Likaanza upya. Likapita ngozi, likapita nyama, likafika mfupani. “Nimechoka!” alilia Mwanakheri. “Jamani, nimechoka!” Lakini maswali yalikuwa yamekwisha.

Mama yake aliingia akakuta beseni jekundu, na viatu vya harusi visivyo na wa kuvivaa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mmechoka, wanangu?

Nani huyo kasema bado?