Kiapo Kilichomshinda Bibi Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika watu wa kale palikuwa na mjane mcha Mungu, Bibi Lubaba, Mola amrehemu. Msafiri mmoja wa kike alifia nyumbani mwake kwa homa, asiwahi kutaja kwao, akaacha mtoto anayetambaa, jina lake Arwa. Lubaba hakujaliwa kuzaa. Akamlea yule mtoto hata roho yake yote ikawa kwake.

Arwa alipokwisha kuwa msichana wa kukimbizana na mbuzi uani, akaja mwanamke wa mbali, Nuwaira, akidai kuwa huyo ni mtoto wa marehemu dada yake, na kwamba amemtafuta nchi kwa nchi. Shauri likafika kwa kadhi. Watu wakanong'ona kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nuwaira hakuwa na shahidi hata mmoja, na hukumu waijua, ndugu yangu: anayedai alete ushahidi, anayekana aape. Kadhi akamtaka Lubaba aape tu kwamba hamjui mwanamke huyu kuwa ni jamaa wa mtoto, kisha aende zake na Arwa.

Kiapo chepesi, tena cha kweli, maana hakupata kumwona maishani mwake. Basi nini kilimzuia asiape?

Sikio! Yule marehemu, homa ilipomzidi, alikuwa akiviringa ncha ya sikio lake la kushoto kwa vidole. Arwa naye hufanya vivyo hivyo akisinzia. Na Nuwaira, aliposikia kiapo kimepelekwa kwa mwenziwe, aliinamisha kichwa akaanza kuviringa ncha ya sikio la kushoto. Hakuna aliyeona ila Lubaba na Mola wake.

Machozi yakamtoka. "Ewe kadhi," akasema, "ulimi wangu waweza kuapa, moyo umekataa. Huyu ni damu moja na Arwa. Mpe mtoto wake."

Akaeleza aliyoyaona, na kadhi akahukumu. Nuwaira akambeba Arwa, naye mtoto akalia akimnyooshea Lubaba mikono. Walipofika mlangoni Nuwaira akasita, akarudi, akaketi kando ya Lubaba. Akamuuliza mwenziwe mtoto anapenda kula nini, na hubembelezwa vipi akikataa kulala. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nyumbani kwako pana nafasi ya mtu wa tatu?"

Wakamlea pamoja mpaka alipoolewa.

Nami kila nikikumbuka kisa hiki hujiuliza. Lau Lubaba angeapa, hakuna kadhi ambaye angemwita mwongo. Lakini Arwa akisinzia mapajani mwake, mkono ukapanda sikioni, yeye angetazama wapi?