Wageni wa Tumbo la Mwinyi Kiboko

Ko!

Sauti moja tu, kavu, katikati ya usiku, na bonde zima likaamka. Huo ulikuwa wakati wa kale na kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakitandika mikeka na kuinjika vyungu kama sisi. Haukuwa mti uliovunjika. Lilikuwa goti la Mwinyi Kiboko, mkubwa wa bonde, akiinuka kwenda kula daku. Naye hakuwa amefunga.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mtama wote uliovunwa ulipelekwa kwanza kwa Mwinyi, na ukishafika kwake, ndio umefika.

Juu ya kilima, Sange alilisikia goti lile akiwa amewakumbatia wanawe. Sange ni mnyama mdogo, mwenye pua ndefu na miguu myepesi. Kitinda mimba wake alikuwa ameacha kulia tangu jioni, na mama alijua kwamba mtoto mwenye njaa akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa. Akafikiri mpaka kukacha.

Asubuhi, tu-tu-tu, akashuka mtoni. Akajaza chungu maji, akakifunika kwa jani la mgomba, akakaza kamba.

"Hodi kwa Mwinyi."

"Karibu, kapua," Kiboko akajibu, bumunda shavuni. "Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kukupa pole. Hilo goti linasemaje?"

Kiboko akashusha sauti. "Linasema nimezeeka. Kilima sikipandi tena, na vijana wa Nyati wananicheka wakidhani sisikii. Usimwambie mtu."

"Bonde zima limelisikia, Mwinyi. Nimwambie nani?"

Bi Tope, mkewe, aliyekuwa akisonga ugali, akaficha kicheko kwa ncha ya kanga.

"Wala hujazeeka," Sange akaendelea. "Umechafuka ndani."

Kiboko akaacha kutafuna. Halikuwa jambo la kila siku.

"Nikuulize, Bi Tope. Wageni wakiwa mkekani wanakula, wewe huwafagilia miguuni?"

"Mwiko," akasema Bi Tope. "Mtu hufagia wageni wakishaondoka."

"Basi mwilini mwetu mna vijumba, vidogo kuliko punje ya ulezi, wala havihesabiki. Kila kijumba kina bawabu, na kazi yake ni kunusa. Akinusa chakula, huita: 'Wageni wamefika, jengeni, panueni.' Wote hushika udongo na miti. Asiponusa kitu, husema: 'Wameondoka, leteni mafagio.' Hapo ndipo taka huzolewa na kilichovunjika huungwa. Sasa wewe, Mwinyi, wageni wako huondoka saa ngapi?"

Kiboko akatafakari. Kulikuwa na kifungua kinywa, na kile cha kukisindikiza kifungua kinywa. Kulikuwa na cha mchana, cha alasiri, cha magharibi, kisha daku.

"Hawaondoki," akakiri kwa huzuni.

"Basi magotini mwako mna jalala, baba."

Maneno hayo Sange alikuwa akiyatunga pale pale, moja likilisukuma jingine, maana nyuma ya kila neno aliuona uso wa kitinda mimba wake.

Akakitua chungu. "Dawa ndiyo hii. Jua likizama, iweke mlangoni pa jiko bila kuifungua, na usile tena mpaka umande ukauke. Na chakula cha jioni kisilale humu, bawabu atakinusa. Kipelekwe mbali. Huko juu kilimani, kwa mfano."

"Nani atakibeba?"

"Mzigo mzito," Sange akashusha pumzi, "lakini nitajikaza."

"Na dawa yenyewe inaitwaje?"

"Jina halitajwi mpaka mgonjwa apone. Likitajwa mapema, mgonjwa huikimbia."

Jioni ile tumbo la Kiboko lilinguruma, ngurruu, akaenda kukinusa chungu, akarudi kulala amenuna. Kilimani nako vyungu vilitokota. Kitinda mimba akapata nguvu ya kulia tena, na mama yake hakuwahi kusikia wimbo mtamu kama huo. Chakula kikawashinda, wakawaita Pimbi na Kwale, nao wakaita wengine.

Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Kila asubuhi Kiboko aliuliza jina. Kila asubuhi Sange alimjibu, "Bado, Mwinyi."

Ikawa siku moja Bi Tope akaitamani dawa kwa ajili ya kiuno chake. Akafungua chungu, akateka kwa upawa, akaonja.

"Bwanangu, haya ni maji."

"Maji gani?"

"Ya mtoni. Yana kiluwiluwi."

Gubu-gubu-gubu! Kiboko akatoka mbio, akapasua vichaka, akafika penye tundu la Sange watoto wakiwa wamezunguka sinia. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia, na teke moja tu lingeifukia nyumba yote. Sange akasimama mlangoni.

"Kapua, umenichezea. Nitakukanyaga wewe na nyumba yako."

"Haki yako, Mwinyi. Ila kabla hujakanyaga, nieleze umefikaje huku."

"Nimekimbia."

"Umekimbia kilimani?"

Kiboko akageuka. Akalitazama bonde kule chini, dogo kama kiganja. Akakunja goti moja, taratibu, akitega sikio. Kimya. Akakunja la pili. Kimya.

Sange naye alitega sikio, akashangaa kuliko Kiboko mwenyewe. Kumbe uongo wake ulikuwa umezaa kweli bila kumwambia.

"Lakini chunguni mlikuwa na maji," Kiboko akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Dawa haikuwa chunguni. Ilikuwa humu kwangu, imejaa tele, inawaua wanangu. Kwako haikuwako hata chembe. Nikaona tugawane, Mwinyi, maana ikiwa kidogo hutibu, na ikizidi huua."

Kiboko akawatazama watoto, matonge yamewaganda mkononi kwa hofu. Akajikunja, akaketi kando ya sinia lao, wala hakuligusa.

"Nimepona, Sange," akasema. "Nipe jina."

Ndipo Sange akalitaja:

"Njaa."