Bei ya Mtini Dume

“Dinari thelathini zangu, Bibi! Zote, leo hii, kabla ya adhuhuri!”

Inasimuliwa kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyapaza Yakhlaf, mfanyabiashara wa sufi, mlangoni kwa Bibi Mannana, katika kijiji kimoja cha milima ya Maghribi, zamani hizo watu walipokuwa bado wanaogopa kula kiapo. Alikuwa amebeba kikapu. Akakipindua kizingitini, zikamwagika tini changa za kijani, nyepesi kama maganda, zilizoanguka kabla ya kuiva.

“Umeniuzia shamba la wagonjwa,” akasema. “Mitini yote inatupa matunda. Kila asubuhi nikitoka nakanyaga hasara.”

Bibi Mannana, Mungu amrehemu, alikuwa mjane, mwingi wa ibada na mchache wa maneno. Aliinama akaokota tini moja, akaipasua kwa ukucha, akaitazama ndani. Kisha akauliza taratibu, “Ule mti mkubwa wa pembeni, karibu na kisima, uko?”

“Nimeukata wakati wa theluji. Umenipa kuni nzuri.”

Bibi akakaa pale pale chini, kati ya zile tini.

“Nilikwambia usiukate, Bwana Yakhlaf.”

“Uliniambia! Na aliyeniuzia punda aliniambia nisimpige punda wake. Kila mwenye kuuza ana kitu anachokionea huruma. Tini za mti ule hazitafuniki, na ukizipasua zimejaa vinzi. Nani anaweka mti wa vinzi shambani?”

Hapa lazima nisimame, maana asiyeijua mitini atadhani Yakhlaf alikuwa na haki, na hakuwa nayo yote. Mitini ya nchi ile ni jike na dume. Jike ndiye azaaye tini tamu. Dume huzaa tini kavu zisizoliwa, na ndani yake Mola amewapa makazi vinzi, wadudu weusi wenye mbawa, wadogo kuliko punje ya ufuta. Humo huzaliwa, humo hukua, na hawana nyumba nyingine duniani. Kiangazi kikiingia, kinzi hutoka na vumbi la ua la dume mwilini, akatafute tini changa ya jike. Mlango wa tini ile ni mwembamba mno, hata mbawa zake hukatikia hapo. Huingia hivyo hivyo, akalipaka lile vumbi, akafa ndani. Tini aliyoingia kinzi hushika, ikanenepa, ikaiva. Ambayo hakuiingia huanguka ikiwa tupu. Basi mti unamlea mdudu, na mdudu anaujaza mti, wala hakuna kati yao awezaye kusema kwamba yeye ndiye mfadhili. Subhana aliyewakutanisha!

Watu wa kijiji kile walilijua hilo tangu mababu. Kila kiangazi walikwenda kwa Bibi Mannana, wakachuma tini za dume lake, wakazitunga kwenye kamba na kuzitundika katika mitini yao. Dume kijijini lilikuwa hilo moja tu. Bibi na marehemu mumewe hawakuwahi kutaka hata bakuli la maziwa kwa ajili yake. Waliegemeza ngazi shinani, wakaacha lango wazi. Yakhlaf alipolikata, majirani walikuwa wamejifungia ndani kwa baridi. Walipoona kisiki walimpigia Yakhlaf kelele, naye akadhani wanalilia kuni, wala hakuna aliyethubutu kumwambia Bibi; na kelele hazirudishi mti. Kiangazi walikimbilia bonde la pili kuomba tini za dume, wakarudi nazo adhuhuri, juani, na vinzi wote wakawa wameishia njiani.

Sasa, dinari zile thelathini zilikuwa bado ziko kwa Bibi, zimefungwa kwenye kitambaa kiunoni mwake. Hakuuza shamba kwa tamaa. Mwanawe wa pekee, Maksan, alitekwa na maharamia akiwa safarini, nao walitaka dinari arobaini ndipo wamwachie. Bibi aliuza shamba, na zile kumi zilizopungua alikuwa akizitafuta kwa kusokota sufi, hata vidole vikamvimba. Msafara wa wakombozi wa mateka ulikuwa karibu kuondoka. Kumrudishia Yakhlaf fedha yake ilikuwa ni kumwacha Maksan katika minyororo.

Wakaenda kwa kadhi, aliyekuwa akihukumu katika ua wa msikiti. Kijiji kizima kikawafuata, kwani kila mmoja alikuwa na tini zake chini.

Kadhi akamsikiliza Yakhlaf mpaka alipochoka kufoka, kisha akasema, “Unadai kwamba alikuficha jambo. Una shahidi?”

“Sheikh, shahidi gani wa neno ambalo halikusemwa?”

“Basi ataapa yeye. Bibi Mannana, apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukumficha mnunuzi jambo lolote ulilolijua katika shamba hili. Ukiapa, dai lake limeanguka, na dinari ni zako.”

Mzee Hammu, mkamuaji mafuta, aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akadakia, “Apa, mama Maksan, apa twende zetu! Mimi nilikuwepo siku ya kuuziana. Ulimwambia usiukate, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili.”

“Haswa!” wakasema wengine. “Apa, Bibi!”

Bibi Mannana akapeleka mkono kiunoni, kwenye kile kitambaa. Wasimulizi wanasema alikishika kwa muda mrefu, mpaka kadhi akadhani hakusikia, akataka kurudia. Nami sishangai. Mtu akiambiwa amchague mwanawe au ukweli, na ukweli wenyewe haujulikani na yeyote ila yeye na Mola wake, akitafuta pumzi kidogo asilaumiwe.

“Siapi,” akasema.

“Bibi!” akapaza sauti Mzee Hammu.

“Niache, Hammu. Ulisikia, lakini hukusikia yote, maana sikuyasema yote. Nilimwambia usiukate. Sikumwambia kwa nini. Kabla yake alikuja mnunuzi mwingine, nikamweleza habari ya vinzi mwanzo mpaka mwisho. Akacheka, akapanda nyumbu wake, akaenda. Alipokuja huyu nikaogopa. Nikatupa neno moja nikanyamaza, na nilijua ninanyamazia nini. Yeye ameukata mti kwa shoka, Sheikh. Mimi niliukata kabla yake kwa kunyamaza.”

Akafungua kile kitambaa kiunoni, akakiweka mkekani mbele ya Yakhlaf. “Chukua dinari zako, mwanangu. Unisamehe.”

Yakhlaf alikuja amejiandaa kugombana, na mtu wa kugombana naye hayupo tena. Akakitazama kile kitambaa asikiguse.

“Hizi si za mwanao?”

“Zilikuwa zake.”

“Sasa yeye?”

“Aliyemuumba hajamsahau.”

Kadhi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua akasema, “Mauzo yamevunjika. Bibi atarudisha fedha, nawe Bwana Yakhlaf utarudisha shamba. Ila arudishaye kitu hukirudisha kama alivyokichukua. Ulichukua shamba lenye mti ule, unarudisha lisilo nao. Utalipa bei ya mti.” Akawageukia watu. “Enyi majirani mlioujua, mti ule thamani yake nini?”

Hapo kila mmoja akapata shughuli. Huyu akakuna ndevu, yule akatafuta kitu kwenye mkono wa kanzu. Hatimaye Mzee Hammu akakohoa, “Mti usioliwa, Sheikh... tuseme dirhamu tatu. Nne, tukimhurumia Bibi. Ni kuni tu zile.”

“Kuni,” wakaitikia. “Kuni tu, Sheikh.”

Waungwana hao! Hawakuwa wajinga wa mitini. Walijua kwamba atakayeutaja mti ule kwa bei yake atakuwa ametaja na chakula chake mwenyewe cha miaka yote, alichokula bila kulipa. Wakaona heri mti uitwe kuni, na mjane aondoke na dirhamu nne.

Na Yakhlaf, hesabu ile ilimfaa kuliko mtu yeyote. Angenyamaza kidogo tu, angetoka na thelathini zake kasoro vijisenti. Lakini shingo ilimvimba.

“Kuni?” akasema. “Mzee Hammu, tini zako ziko wapi mwaka huu?”

“Si unajua? Zimeanguka.”

“Na wewe mwenye kilemba cha njano?”

“Zimeanguka, zote.”

“Mimi baridi ile ile nilikata magogo mlimani, mialoni, misonobari, nikaota moto. Mbona hakuna aliyepoteza tunda? Nilipokata huu mti mmoja mnaouita kuni, kijiji kizima kinakula mkate mkavu! Sheikh, mimi nina mdomo mchafu, lakini kipimo changu cha sufi hakijawahi kupungua. Andika hivi. Shamba lile bila mti ule ni kivuli kitupu, na mimi sikununua kivuli. Bei ya mti ni bei ya shamba. Ni dinari thelathini, na ninayedaiwa ni mimi.”

Akakisukuma kitambaa kikarudi mbele ya Bibi.

Kadhi akamtazama. “Unajua kwamba kwa kauli hiyo unaondoka huna shamba wala fedha?”

“Najua kuhesabu, Sheikh.”

“Haondoki hivyo,” akasema Bibi Mannana, na machozi yalikuwa yakimtoka. “Kosa tumelifanya wawili, hasara tutaibeba wawili. Shamba libaki lake. Na sasa nisikilize, Bwana Yakhlaf, nikupe nilichokunyima. Usiking’oe kisiki, kina uhai, kitachipua. Mpaka kizae, kila kiangazi nenda bonde la pili alfajiri, kabla ya jua. Tini za dume zifunike kwa kitambaa kibichi, vinzi wasiamke njiani. Tundika kamba moja kila mti, usizidishe, wakiwa wengi tini huoza. Nitakuja nikuonyeshe.”

“Njoo,” akasema Yakhlaf. “Na mimi nisikie safari hii.”

Maksan alikombolewa mwaka ule ule, na inasemekana ndiye aliyemwagilia kile kisiki mpaka kikawa mti tena. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya uaminifu wa Bibi Mannana, na wana haki, kwa kuwa kiapo ambacho kingemwokoa mwanawe alikikataa kwa sababu ya neno moja alilolibana. Ndugu yangu, wewe uuzaye ng’ombe ukataja maziwa yake ukauficha ugonjwa wake, usijifariji kwamba hukusema uongo. Bibi huyu naye hakusema uongo. Na wewe ulaye kwa mgongo wa mwenzio, kisha ukiulizwa thamani yake ukasema ni kuni, jua kwamba hata kinzi yule asiye na akili huacha mbawa zake mlangoni mwa tini, akawa amelipa malezi aliyopewa na mti.

Lakini mimi nakipenda kwa ajili ya yaliyotokea baadaye, watu walipokuwa wanavaa viatu ili watoke. Yakhlaf aliwatangulia langoni, akasimama, mkono huku na mkono huku.

“Unataka nini tena?” akauliza Mzee Hammu. “Hukumu imekwisha.”

“Yangu ndiyo iliyokwisha.”

“Bibi alitupa zile tini kwa sadaka, bwana. Sadaka haidaiwi.”

“Yeye hadai. Ninadai mimi. Fidia ya mtoto imepungua dinari kumi, na ninyi mmekula mti wa mama yake tangu mlipoota meno. Toeni.”